Hati za Moshi Ambao Haukutoka

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimezaliwa upya. Nina miaka arobaini na minne, lakini nimezaliwa upya saa mbili na robo asubuhi, mbele ya tanuru la kwanza, Dona Graciete akiwa amesimama juu ya rundo la matofali mabovu ili sote tumwone. Dona Graciete Furtado ndiye mwenye kiwanda. Ni mfupi. Anapenda kuonekana.

Ametangaza hivi. Vile visanduku vyeupe ambavyo mafundi walivifunga kwenye matanuru mwezi wa Juni, ambavyo sote tulidhani ni vya kufukuza popo, vimekuwa vikifanya kazi kimya kimya kwa siku tisini. Vinapima joto, vinapima unyevu, vinahesabu matofali. Kila dakika! Kisha vinatuma yote kwa wakaguzi São Paulo. Kwa hiyo hati zetu za hewa ukaa hazitasubiriwa miaka miwili kama zamani. Zitatoka mwezi huu huu.

Miaka miwili ndiyo niliyoizoea. Mimi, Waldecir Raiol, nimepima moshi wa kiwanda hiki kwa miaka sita, kwa daftari, kalamu na pua. Au tuseme, nimepima moshi ambao haukutoka. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Zamani tulichoma matofali kwa kuni za msituni. Sasa tunachoma kwa kokwa za asai, lile tunda dogo jeusi la kusaga uji, ambazo wauza asai walikuwa wakizitupa tu. Kila tani ya moshi wa msitu ambayo haikupaa ni hati moja. Kuna watu duniani wanazinunua. Siwaulizi kwa nini.

Dona Graciete akaendelea: atakayeonyesha kwamba anavielewa visanduku atakuwa Mkuu wa Hewa Ukaa, na atapewa chumba cha pembeni. Chenye kiyoyozi! Hapa São Miguel do Guamá, mwezi wa Septemba, kando ya matanuru manne, kiyoyozi si cheo. Ni uhai.

Nikaangaza macho kuona nani mwingine anafaa. Hakuna. Isipokuwa Ivanilde wa mizani.

Ivanilde Quaresma hupima malori ya kokwa getini. Haamini kitu. Mizani ikisema tani nane, anaizunguka, anaipiga teke, anaisoma tena. Ana daftari lake la jalada la buluu ambalo hakuna aliyemwagiza aliandike. Alinikuta nikichungulia chumba cha pembeni dirishani. Akaniambia niache kupumulia kioo chake. Chake!

Lakini kuna jambo zito pia, nalo niliandike. Chama cha wakusanya kokwa cha ng'ambo ya mto kimepata mnunuzi mwingine, kiwanda cha saruji. Wametupa mpaka Ijumaa tarehe 20 tutie saini mkataba wa mwaka. Hati zikitoka, tunapata fedha na kutia saini. Zisipotoka, kokwa hazitatosha na tanuru la nne litazimwa. Tanuru la nne ni watu tisa. Mmoja wao ni Jurandir, mume wa dada yangu Nazilda, mchochea moto. Ana watoto watatu na vidole tisa.

Nimeamua. Mashine inaharakisha hati. Mimi nitaiharakisha mashine.

Jumanne, 3 Septemba

Mpango wa kwanza: ukavu.

Kuna kijiti cha chuma kilichochomekwa kwenye rundo la kokwa la tanuru la pili. Kinapima unyevu. Nimetazama skrini ya visanduku: asilimia thelathini na moja. Aibu! Kokwa mbichi huwaka kwa kununa. Kokwa kavu hutoa joto jingi, joto jingi ni kuni nyingi zilizookolewa, kuni nyingi zilizookolewa ni hati nyingi. Hata mtoto anaona.

Nimechota ndoo ya kokwa, nimezianika juu ya bati la nyumba yangu tangu asubuhi. Mama mkwe wangu, Dona Oscarina, akauliza kama hicho ndicho chakula cha leo. Nikamjibu kuwa ni sayansi. Akasema basi atakula kwa jirani.

Saa kumi alasiri nimekichomoa kijiti kwenye rundo na kukichomeka kwenye ndoo yangu. Ndoo nimeificha nyuma, juu yake gunia. Asilimia nne! Skrini ikawa kijani kibichi. Sijawahi kupendwa hivyo na chombo chochote.

Kuna kitabu cha maelekezo cha kurasa sitini na nne. Nimekiweka chini ya feni yangu, inasimama vizuri zaidi.

Jumatano, 4 Septemba

Simu kutoka São Paulo. Mkaguzi mwenyewe, mhandisi Noemi Kuroda. Sauti ya upole, kama ya daktari wa meno kabla hajakwambia ufungue kinywa.

Kwa heshima akasema: "Seu Waldecir, biskuti zilizo mezani kwangu zina unyevu wa asilimia tano. Kokwa zenu zina nne."

Nikamweleza kwamba huku kwetu kuna upepo.

Akauliza ni upepo gani huo uliokausha kokwa za tanuru la pili peke yake, kati ya saa kumi kamili na saa kumi na dakika moja.

Nikasema mto Guamá una tabia zake.

Nikasikia anaandika. Kisha akasema alikuwa aje tarehe 16, lakini sasa atakuja Jumatatu hii, tarehe 9.

Nimeuharakisha ukaguzi kwa wiki nzima! Kwa ndoo moja! Nimemwarifu Dona Graciete. Akaniuliza kwa nini ameamua kuwahi. Nikasema tumempendeza. Alikaribia kutabasamu. Ivanilde alikuwepo, naye akasema katika maisha yake hajaona mkaguzi akiwahi kwa sababu amependezwa. Wivu.

Kijiti nimekirudisha mahali pake. Zile kokwa za ndoo nimezitia tanurini. Ziliwaka vizuri mno, kama kuna anayetaka kujua.

Alhamisi, 5 Septemba

Mpango wa pili: wingi. Nashangaa sikuanza na huu.

Juu ya mlango wa kila tanuru kuna kamera ndogo. Mkokoteni ukitoka na matofali, kamera inaongeza mia nne. Matofali mengi yaliyochomwa bila kuni, hati nyingi. Leo tanuru la nne lilikuwa linatolewa mzigo. Linabeba matofali elfu arobaini, yaani mikokoteni mia moja.

Nikagundua jambo. Kamera inahesabu inayotoka. Haihesabu inayoingia!

Nikaenda kwa Jurandir. Nikamwambia autoe mkokoteni, azunguke nyuma, aingie kwa mlango mdogo, atoke tena.

Akasema: "Shemeji, mzigo huu nimeshautoa."

"Utoe tena."

"Matofali ni yale yale."

"Kamera hailijui tofali kwa jina, Jurandir."

Akajikuna kwa mkono wenye vidole vinne. Akauliza kama Dona Graciete anajua. Nikamwambia kuna mambo ambayo Dona Graciete hapendi kusumbuliwa nayo. Akauliza kama hili litaokoa tanuru. Nikamwambia litaokoa tanuru na litatuongezea la tano. Akashika mkokoteni. Ni mtu mwema. Humtazami mara mbili kabla hajakubali.

Nilisimama mlangoni kuongoza msafara, nikipunga kofia yangu ya majani ili waende kwa mwendo mzuri. Tuliitoa mikokoteni mia moja na sabini na nane. Watu wamechoka kweli. Mimi mkono unaniuma.

Ijumaa, 6 Septemba

Skrini nyekundu.

Si nyekundu kidogo. Nyekundu yote, kona mpaka kona, na maandishi meupe: UTOAJI WA HATI UMESIMAMISHWA. Tanuru la nne limetoa matofali 71,200. Uwezo wa tanuru: 40,000.

Nilikuwa sijavua hata kofia.

Niseme ukweli, huu ni uonevu. Kwa miaka sita nimekosea mara nyingi tu. Kosa langu lilikuwa likienda mjini Belém kwa posta, likilala mezani kwa mtu, likikaa hapo mwaka, likirudi na swali la adabu wakati mimi mwenyewe nimeshasahau. Sasa kosa linafika kabla mtu hajamaliza kulifanya! Hakuna hata nafasi ya kutubu.

Wamesimamisha si hati za tanuru la nne peke yake. Zote. Siku tisini zote.

Nimechomoa waya wa skrini. Nimewaambia watu umeme unasumbua.

Ivanilde amepita, ametazama waya, amenitazama mimi. Amechomeka tena.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku ya Uhuru. Gwaride, ngoma za shule, jua kali. Ivanilde alibeba bendera mbele ya wafanyakazi wetu, mgongo wima kama bomba la moshi. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na farasi.

Dona Graciete aliniita pembeni wakati wa wimbo wa taifa. Hakusubiri hata uishe! Aliniuliza matofali elfu thelathini na moja yametoka wapi. Nikasema mashine mpya huwa na utoto. Akasema kwa miezi mitatu haikuwa na utoto wowote. Nikasema labda ni mdudu. Akauliza mdudu gani. Nikasikia kinywa changu kikisema: "Mjusi, Dona Graciete. Mjusi anakatiza mbele ya kamera, kamera inadhani ni mkokoteni."

Akasema mkaguzi anafika Jumatatu na angependa sana kumwona mjusi huyo.

Kwa hiyo sasa nahitaji mjusi.

Jumapili, 8 Septemba

Mijusi wanajaa ukutani mwangu siku zote za mwaka. Leo hakuna hata mmoja.

Nilimpata wa kwanza saa tano, nyuma ya picha ya marehemu baba mkwe. Niliitoa picha taratibu. Mjusi akaniachia mkia na kwenda zake. Mkia ukaendelea kucheza peke yake mkononi mwangu, nikapiga kelele. Picha ikaanguka, kioo kikapasuka. Dona Oscarina akaja mbio. Akaniona nimesimama juu ya kitanda chake, picha ya mumewe chini, mkononi nina mkia unaocheza.

Nikauficha mkia mfukoni.

Wa pili nilimpata jikoni, mnene, mzuri, saizi ya kazi. Nimemfungia kwenye kopo la kahawa lenye matundu. Kesho alfajiri nitamtia kwenye kisanduku cha kamera ya tanuru la nne. Ushahidi!

Dona Oscarina amefunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo na hataki kula kitu chochote kilichopita mikononi mwangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Mjusi amekufa ndani ya kopo. Nadhani ni harufu ya kahawa. Nimemweka hivyo hivyo. Mjusi mfu pia ni ushahidi.

Mhandisi Noemi ameshuka kwenye basi la Belém saa tano. Mdogo wa mwili, viatu vya kazi, begi moja. Niliona ni heri nimtangulize mezani kabla hajafika kiwandani. Nikampeleka sokoni kwa Dona Lucidéia: asai nzito ya asubuhi ile ile, samaki wa kukaanga, unga wa muhogo. Akashukuru vizuri. Kisha akauliza kama kuna sukari. Na ndizi.

Kwetu asai haitiwi sukari wala ndizi. Dona Lucidéia aliweka bakuli chini polepole. Mzee mmoja meza ya pili akafanya ishara ya msalaba. Nikaona bahati yangu: nikasema kwa sauti kwamba hata mimi napenda kwa sukari! Mbele ya watu ninaoishi nao! Nikaila hivyo. Nilijitoa mhanga kabisa. Noemi akasema si lazima, akaila yake bila sukari, akasema kweli ni nzuri zaidi hivyo. Mimi nikabaki na bakuli la aibu.

Kiwandani nilimwonyesha mjusi. Alimtazama. Alimgusa kwa kalamu. Akauliza mjusi huyu amekuwa kwenye kisanduku tangu Alhamisi? Nikasema tangu Alhamisi. Akauliza mbona ana harufu ya kahawa.

Kisha akafungua kompyuta yake mbele yangu, Dona Graciete, Ivanilde na Jurandir. Akaeleza, kwa sauti ile ya daktari wa meno, kwamba kamera haihesabu tu. Kila inapohesabu, inapiga picha. Inazihifadhi. Imeandikwa ukurasa wa tisa wa kitabu cha maelekezo.

Ukurasa wa tisa!

Picha ya kwanza: Jurandir na mkokoteni, na mimi pembeni napunga kofia. Ya pili: Jurandir na mkokoteni ule ule, na mimi napunga kofia. Picha mia moja na sabini na nane. Ya themanini na kitu hivi ninatabasamu kuelekea kamera.

Dona Graciete alizitazama zote. Zote! Ya mwisho ilipopita akasema: "Waldecir, ungevua hata kofia basi."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka. Jurandir alikuwa anatazama mikono yake.

Jumanne, 10 Septemba

Noemi ametuita. Ameeleza mambo waziwazi, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza.

Siku tisini za Juni, Julai na Agosti ni safi. Lakini aliyechezea kipimo Septemba angeweza kukichezea Juni. Mfumo hauwezi kujua. Unachojua ni kwamba kiwanda hiki kina mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo umefunga kila kitu. Ili ufunguke, vitu viwili. Kwanza, tanuru la nne lipakiwe, lichomwe na kutolewa mzigo upya, mkaguzi akiwepo, na hesabu ya mikono ilingane na ya kamera. Pili, barua. Aliyefanya aandike alichofanya, siku, saa, namna, na atie saini. Barua inaingia kwenye masjala ya hati, ambako mnunuzi yeyote duniani anaweza kuisoma. Milele.

Nikauliza kama milele ni neno la kisheria au ni namna ya kusema. Ni la kisheria.

Ivanilde akatoa daftari la buluu. Tangu Juni amekuwa akihesabu mikokoteni ya matanuru yote manne, kwa vijiti vitano vitano, kwa sababu kamera hizo hakuzipenda sura. Noemi alilinganisha wiki nne alizozichagua mwenyewe. Tofauti: matofali mia nne kati ya laki nane. Alhamisi iliyopita Ivanilde ameandika: tanuru la 4, mikokoteni 96, na Waldecir amepata wazimu.

Noemi akamuuliza kama anaweza kulipiga picha daftari. Akamwita "mwenzangu".

Nimeandika barua. Rasimu ya kwanza: "Kutokana na mazingira yaliyojitokeza, mikokoteni ilipita." Noemi akaifuta. Ya pili: "Baadhi ya watu walipitisha mikokoteni." Akauliza watu gani. Ya tatu nilimtaja mjusi. Akaniomba niende nyumbani nikapumzike.

Siwezi. Nikitia saini, chumba cha pembeni kimekwenda. Jina langu litakuwa huko masjalani, mnunuzi yeyote wa Kidachi atalisoma. Waldecir Raiol, mtu wa mikokoteni. Na bado kuna siku kumi. Labda mfumo utasahau.

Jumatano, 11 Septemba

Nazilda alikuja kabla sijanywa kahawa. Dada yangu hapigi kelele. Utotoni alikuwa akinipiga, sasa anakaa tu kwenye kiti.

Aliniambia Jurandir amelala na viatu. Amemwambia Nazilda kuwa yeye ndiye atakayefukuzwa, kwa sababu yumo kwenye picha zote, na ni haki, kwa sababu alisukuma. Amesema hatanitaja kwamba nilimlazimisha. Amesema, "Waldecir alitaka kutusaidia."

Nikasema na kweli nilitaka kusaidia.

Nazilda akasema: "Kaka, ulitaka kiyoyozi."

Akainuka, akaosha kikombe changu, akaondoka.

Nilikwenda kiwandani kwa miguu ili nichelewe. Nilipofika, wale wanane wengine wa tanuru la nne walikuwa wamekaa kivulini, hawana kazi. Tanuru haliwashwi mpaka barua iwepo. Hakuna aliyenisalimu. Seu Benevenuto, ambaye hunisalimu hata tukikutana mara tano kwa siku, alitazama mto.

Nikaomba karatasi. Niliandika: "Tarehe 3 nilihamisha kijiti cha unyevu nikakitia kwenye ndoo ya kokwa nilizozianika. Tarehe 5 niliwaagiza wafanyakazi wa tanuru la nne watoe mizigo ile ile mara mbili. Waliniuliza kama Dona Graciete anajua, nikawadanganya. Wao hawana kosa. Waldecir Raiol." Kalamu iliteleza kwenye jina, linaonekana kama Waldeciro.

Noemi aliisoma mara mbili. Akasema hii sasa ni barua. Hakusema zaidi.

Jurandir alikuwa mlangoni. Aliniuliza kama nimekunywa kahawa. Nikasema bado. Akanipa yake, nusu kikombe, tamu sana. Nililazimika kutazama upande mwingine. Ni vumbi la matofali, linaingia machoni.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku tatu za moto. Noemi juu ya kiti, Ivanilde juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wote wawili wanahesabu. Wamepokezana kofia, wamegawana pipi za tangawizi za Ivanilde. Mimi nimepewa kazi ya kusimama mahali ninapoonekana.

Leo mzigo umetolewa. Kamera: 39,600. Noemi: 39,600. Ivanilde: 39,597, kwa sababu matatu yalikuwa na ufa naye hahesabu tofali lenye ufa. Noemi alicheka mpaka akavua miwani. Akarekebisha ya kwake.

Alipokuwa anapanda basi alinishika mkono. Aliniambia ameona viwanda vingi, na huwa hawaandiki barua. Hubishana mpaka tarehe inapita. Kisha akasema nisome kitabu.

Alhamisi, 19 Septemba

ZIMETOKA!

Saa nne na dakika kumi na mbili. Skrini ikawa kijani, ikatoa mlio mdogo kama wa kifaranga, na hati elfu tatu mia moja na arobaini zikawa mali yetu. Siku tano tangu mkaguzi aondoke! Mwaka juzi kwa muda huo bahasha yangu ilikuwa bado inatafuta stempu.

Dona Graciete alimbusu Ivanilde, akambusu Jurandir, akalibusu tanuru la nne, likamwunguza. Watu wa chama cha kokwa walikuja kwa mashua saa nane, wakatia saini siku moja kabla ya mwisho. Seu Benevenuto alinisalimu. Mara tatu.

Ivanilde ndiye Mkuu wa Hewa Ukaa. Chumba ni chake. Jambo la kwanza alilofanya ni kukipiga teke kiyoyozi kuhakikisha. Mimi nimepewa uwanja wa nyuma: majivu na makaa yanayobaki tanurini. Niyaondoe, basi. Dona Graciete amesema ni kazi isiyo na kipimo chochote, na kwamba ameichagua kwa makini.

Sina kinyongo. Nimelia kidogo Jurandir alipowasha moto. Vumbi.

Jumapili, 22 Septemba

Nimekuwa na siku tatu za kufikiri, na sasa naona mambo yalivyokwenda hasa.

Nani aliyemfanya mkaguzi aje mapema? Mimi. Angekuja tarehe 16, tungechelewa. Kwa nini mfumo ulifunguka? Kwa barua. Barua ya nani? Ni saini moja tu iliyoko masjalani kutoka kiwanda hiki, nayo si ya Ivanilde. Kwa vipimo vyovyote vya haki, hati zile zilitolewa na mimi. Nimemweleza Dona Oscarina. Ameomba kioo cha picha.

Na kuna jambo jingine. Jana nilifungua kile kitabu, kwa heshima ya Noemi, nikafika ukurasa wa hamsini na mbili. Jamani! Kumbe makaa yanayobaki tanurini, yakizikwa ardhini, nayo yana hati zake! Kaboni inalala udongoni, hairudi angani miaka mia. Makaa! Ya uwanja wa nyuma! Uwanja wangu! Kinachotakiwa ni shimo, makaa ndani yake, na picha ya shimo kabla ya kulifukia. Ukurasa wa hamsini na tatu unaendelea na mambo ya picha, lakini mwanga ulikuwa umefifia na nimeelewa kiini.

Nimenunua sepetu. Leo baada ya misa Jurandir amekuja kunisaidia, tumechimba shimo moja zuri sana chini ya mnazi, tumelijaza. Nimelipiga picha. Kisha nikaenda upande wa pili wa mnazi.

Jurandir akasema: "Shemeji, shimo ni lile lile."

Nikamwambia asimame vizuri na ashike sepetu kwa mkono wa kushoto. Tayari tuna manne.